Kishikwambi kina kazi yake, saa janja si mashine ya presha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, na kila sikukuu zinapofika, swali moja huzunguka madukani: mtu mwenye simu janja nzuri, je, kishikwambi na saa janja vina maana kwake au ni kutupa hela? Wauzaji hujibu kwa sifa. Sisi mafundi, ambao vifaa hivi hutufikia vikiwa vimevimba betri au vimekufa tachi, tungependa kujibu kwa vipimo.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kishikwambi kinamfaa mtu ambaye kazi yake ni kurasa, yaani kusoma, kusahihisha na kuandika. Saa janja inawafaa watu wachache zaidi, na sababu inayouza saa nyingi mitaani, ya kupima presha, ndiyo mbovu kuliko zote.

Kwanza kagua simu uliyo nayo, kwa sababu wengi wanaotafuta kifaa cha pili wanakimbia ugonjwa wa kifaa cha kwanza: betri inayokata mchana au hifadhi iliyojaa. Kwenye iPhone, fungua Mipangilio, ingia Betri, utaona afya ya betri. Ikishuka chini ya asilimia 80, Apple wenyewe wanashauri ibadilishwe. Wenye Samsung watumie programu ya Samsung Members, upande wa uchunguzi. Kwa simu zisizoonyesha, dalili ni hizi: chaji inaruka kutoka asilimia 30 hadi 12 kwa mara moja, au simu inazima ikidai bado ina 15. Hiyo ni betri iliyochoka, na betri mpya ni rahisi mbali kuliko kifaa kipya. Saa janja juu ya simu ya namna hiyo ni kuongeza mzigo, maana Bluetooth haizimwi na programu ya saa inafanya kazi muda wote. Hifadhi nayo, ingia Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, halafu udhibiti wa hifadhi. Pale utapata faili zote zinazozidi MB 5 zimepangwa. Video za harusi za makundi matatu peke yake zinaweza kurudisha nusu ya nafasi.

Simu ikiwa nzima na bado haikutoshi, sasa tuzungumze kishikwambi.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Simu ya inchi 6.5 yenye kioo kirefu cha siku hizi ina upana wa sentimita 6.8 hivi. PDF ya ukurasa mzima ikiingizwa humo inabanwa hadi karibu thuluthi moja, na herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa za 4. Ndiyo maana msomaji anakuza, anasukuma kulia, anarudisha kushoto, na akifika mstari wa tatu wa kwanza umeshamtoka. Kishikwambi cha inchi 8 kina upana wa sentimita 10.8, kwa hiyo herufi zile zile zinafika 6. Cha inchi 10.1 kina sentimita 13.6, herufi zinakaribia 8, ukubwa ambao jicho zima linasoma bila kukuza. iPad ya inchi 10.9 ina umbo linalokaribia lile la A4, upana sentimita 15.8, na herufi zinafika 9. Hesabu hii ndiyo inayoamua. Mwenye simu ya inchi 6.7 akinunua kishikwambi cha inchi 7 au 8 amenunua simu ya pili isiyoingia mfukoni. Anayetaka kusoma mihtasari, vitabu vya kiada, mikataba au mitihani iliyopita aanzie inchi 10.

Ukubwa peke yake hautoshi, tazama na nukta za kioo. Vishikwambi vya bei ya chini vya inchi 10.1 vina nukta 1024 kwa 600. Ukikisimamisha kusoma ukurasa, upana wote unagawiwa nukta 600 tu. Mstari wa herufi 90 unapata nukta sita na ushei kwa kila herufi, na "rn" inasomeka kama "m". Tafuta 1280 kwa 800 kama kiwango cha chini, na 1920 kwa 1200 kama mfuko unaruhusu. Maandishi ya "HD" kwenye boksi yasikutulize. Dai namba.

Kumbukumbu ya kuendeshea, RAM, isiwe chini ya GB 4, na hifadhi isiwe chini ya GB 64. Kishikwambi cha GB 2 kitafungua PDF, lakini ukihamia kwenye kivinjari na kurudi, PDF inaanza upya ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo penye utapeli mkubwa wa soko letu: kifaa kisichojulikana jina, bei ya kutupa, boksi limeandikwa RAM GB 12 na hifadhi GB 512, na ukiingia Mipangilio unaona namba hizo hizo. Namba za ndani zimechezewa kiwandani. Kifaa kinadai hifadhi ambayo hakina, na ile halisi ikijaa, faili mpya zinaharibika au zinafuta za zamani. Njia ya kukinasa ni kunakili filamu nyingi kwa flashi hadi zipite kiasi unachokishuku, tuseme GB 40, kisha kufungua ya kwanza na ya mwisho. Kama hakuna muda huo dukani, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu, usome mstari wa cheti cha Play Protect, yaani uthibitisho wa Google. Kifaa kikijieleza kuwa hakina cheti, kirudishe mezani. Hatusemi hivi kwa ushabiki wa majina makubwa. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitahadharisha umma kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, ambao programu zake ovu zilikutwa zimewekwa tayari kwenye vifaa vya Android kabla ya mnunuzi hajafungua boksi. Kifaa cha namna hiyo kikiingia kwenye Wi-Fi ya nyumbani, wahalifu wanaweza kupitishia humo shughuli zao kwa jina la intaneti yako.

Suala la laini ya simu linawachanganya wengi. Kishikwambi cha Wi-Fi peke yake ni rahisi zaidi na kinatosha kama simu yako inaweza kugawa intaneti. Cha laini kinagharimu zaidi, na baadhi yake havipigi simu wala havifungui menyu za nyota na reli. iPad yenye laini ni ya data tu. Maana yake, huwezi kubonyeza *150*00# ukatuma M-Pesa humo, wala *149*01# ukanunua bando. Bando likiisha usiku unatoa laini, unairudisha kwenye simu, unanunua, unaihamisha tena. Au unamnunulia mwenye laini hiyo kutoka namba nyingine ya mtandao uleule. Hela basi ibaki kwenye simu. Kwa cha laini, hakiki pia IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa: kama hakina kibodi ya kupigia *#06#, namba ipo kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu. Kwa Tanzania itume kwa ujumbe kwenda 15090 na ulinganishe jina la kifaa litakalorudi na ulichoshika mkononi. Jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi: iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS, kwa hiyo anayeitaka kwa ramani za shambani au barabarani atajuta.

WhatsApp haihitaji laini ya pili. Namba moja inaweza kukaa kwenye simu kuu na vifaa vingine vinne. Kwenye simu ya Android gusa nukta tatu, chagua vifaa vilivyounganishwa, kisha kuunganisha kifaa, umulike mraba wa QR ulio kwenye kishikwambi. Sharti ni simu kuu ifunguliwe angalau mara moja kila siku 14, la sivyo vingine vinatolewa. Wenye iPad walisubiri mpaka Mei 2025 kupata programu yao rasmi, hivyo mafunzo ya zamani ya kuzungukazunguka yapuuzwe.

Bando huliwa kimyakimya. Kishikwambi kikiona Wi-Fi hudhani ni intaneti ya bure, kumbe ni simu yako inagawa. Kinasasisha programu zote, kinapakia picha, na YouTube inapandisha ubora kwa sababu kioo ni kikubwa. Ingia kwenye orodha ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao wa simu yako, na kwenye matumizi ya mtandao chagua uhesabiwe kuwa wa kupimwa. Play Store iambie isisasishe chochote bila ruhusa. Hatua hizi mbili huchukua dakika moja.

Kwa waandishi na makarani: Microsoft huruhusu kuhariri Word bure kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1. Ukivuka hapo, cha inchi 11 kinadai ulipie kila mwezi au mwaka. Google Docs haina mpaka huo. Kibodi ya Bluetooth ya kawaida inafanya kazi na kishikwambi chochote. Usilazimishwe kununua ya kampuni kwa bei mara tano.

Uharibifu tunaoukuta ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kishikwambi kilichofungiwa kabatini likizo nzima kikiwa na asilimia 2. Betri ya lithiamu ikiendelea kushuka chini ya kiwango chake, saketi ya ulinzi inaifunga na chaji haiingii tena. Kiache na asilimia 50, kikiwa kimezimwa kabisa, na ukiangalie kila baada ya miezi miwili. Wa pili ni kinyume chake: cha dukani kinachokaa kwenye chaji mchana na usiku, kwenye joto la kaunta, hadi betri inavimba na kunyanyua kioo. Vipya vingi vina kipengele cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85. Kiwashe. Kikianza kufura, acha kukitumia. Usikibonyeze kirudi, maana betri ya kishikwambi ni pana na nyembamba, na ikikunjwa inawaka. Wa tatu ni kioo. Vishikwambi vya bei nafuu tachi ya nje na LCD ya ndani ni vipande viwili, kwa hiyo tachi ikipasuka unabadilisha hiyo tu. Vya bei ya juu vimegandishwa pamoja na unalipia vyote. Lakini tachi ya kifaa kisichojulikana hutafutwa kwa namba iliyochapwa kwenye utepe wake, na spea za namna hiyo mara nyingi hazipo nchini. Kabla ya kulipia kishikwambi kigeni, mpigie fundi wako umuulize kama tachi yake inapatikana.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 na baadaye kugawiwa walimu viko katika umri huu wa betri kuchoka, na maelezo ya aya iliyotangulia yanavihusu moja kwa moja.

Tuje kwenye saa.

Ulizo la kwanza ni simu yako ni ya nani. Apple Watch inafanya kazi na iPhone tu. Samsung Galaxy Watch kuanzia toleo la 4 inafanya kazi na Android tu, na kipimo chake cha umeme wa moyo kinadai simu ya Samsung. Saa nyingi za Huawei, Amazfit na Xiaomi zinakubali pande zote mbili, ila ukiwa na iPhone utasoma ujumbe wa WhatsApp bila kuweza kuujibu. Halafu chaji: Apple hutaja saa 18 hadi 24 kwa saa zake za kawaida, zile za Wear OS, mfumo wa Google, hukaa siku moja au mbili, na zile nyepesi zisizo na mfumo mkubwa hukaa wiki moja hadi mbili. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika, tofauti hiyo inazidi uzuri wa kioo.

Lalamiko namba moja ni "saa haileti meseji." Karibu kila mara saa haina kosa. Simu za Tecno, Infinix, Xiaomi na Samsung huua programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji, na programu ya saa inakufa nazo. Ingia Mipangilio, Programu, tafuta programu ya saa. Kwenye betri chagua isiwekewe kizuizi, ruhusu ijiwashe yenyewe, ruhusu isome arifa. Kisha fungua orodha ya programu zilizo wazi na uifunge kwa alama ya kufuli isifutwe na ufagiaji. Zima simu, washa. Kama bado, tenganisha saa ndani ya programu yake, siyo kwenye orodha ya Bluetooth, na uiunganishe upya.

Sasa presha. Chini ya saa kuna taa za kijani. Mwanga unaingia kwenye ngozi, damu inaunyonya kiasi, na kihisi kinasoma unaorudi. Mpigo ukipita damu inaongezeka na mwanga unaorudi unapungua. Hivyo ndivyo mapigo yanavyohesabiwa, na saa nzuri inayahesabu vizuri. Melanini ya ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo ishara inayorudi ni dhaifu. Saa za maana huongeza nguvu ya taa kufidia. Wino wa tatuu unaweza kuuzuia kabisa, na mwenye piko nzito ajaribu mkono wa pili. Vaa saa upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, ibane isicheze. Kuijaribu, hesabu mapigo kwa vidole sekunde 30 ukizidisha kwa mbili, panda ngazi za ghorofa tatu, hesabu tena papo hapo. Saa inayobaki kwenye 75 wakati vidole vinapata 120 haipimi kitu.

Mwanga huo haupimi presha. Haujui nguvu ya damu kwenye mshipa. Unaona umbo la wimbi tu na kukisia. Ndiyo maana Samsung humtaka mtumiaji ailinganishe saa na mashine ya presha ya kufunga mkononi mwanzo, kisha kila baada ya siku 28. Huawei Watch D ina mfuko mdogo ndani ya mkanda unaojaa hewa, na hiyo ni habari nyingine. Saa za chini ya elfu hamsini zenye jina la "Ultra" na umbo la Apple hazina kimoja wala kingine, na bado zinakupa 118 kwa 76 ndani ya sekunde 40. Kuna mchezo wa kuvisha saa ndizi ikaonyesha mapigo. Kwa mapigo mchezo huo si ushahidi, maana hata saa ghali inaweza kudanganywa na kitu kinachorudisha mwanga. Lakini saa ikiipa ndizi presha, umepata jibu.

Hatari ni mgonjwa anayeacha kidonge kwa sababu mkono unasema 120 kwa 80. Mwenye presha anunue mashine ya kufunga juu ya kiwiko, yenye mkanda unaolingana na unene wa mkono wake, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Akae dakika 5 ameegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono mezani usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Apime mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, aandike, apeleke kliniki. Kuhusu sukari, mambo ni mafupi: tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vipimo vya kweli vya siku nzima vina uzi mwembamba uliopenya chini ya ngozi, na saa inaonyesha tu namba iliyotumiwa.

Nani basi anufaike? Mkimbiaji anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ilimradi saa iwe na GPS yake ndani. Nyingi za bei nafuu zinaazima ya simu, na simu hiyo lazima aibebe. Kiziwi au mwenye usikivu hafifu, kwa mtikisiko wa mkononi unaomwamsha na kumjulisha simu inaita. Anayemeza dawa kwa saa maalumu. Abiria wa daladala anayetaka kujua anayepiga bila kuitoa simu kwenye begi. Anayetaka kuhesabu hatua tu asinunue. Simu yake inazihesabu tayari.

Kwa wakazi wa pwani: maandishi ya 5ATM ni shinikizo la maabara kwenye saa mpya, si ruhusa ya kuzamia. Maji ya moto na sabuni huchakaza rabala za kuzuia maji. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba. Usiiweke kwenye chaji ikiwa na jasho, kwa sababu umeme ukipita kwenye chumvi iliyo juu ya pini unazila hadi zinageuka kijani. Zikianza, zisafishe kwa spiriti na mswaki laini. Waya wa chaji wa saa kila kampuni ina wake, kwa hiyo hakikisha wa akiba unapatikana.

La mwisho ni mali ya mtumba kutoka Uingereza na Dubai, ambayo ni nzuri kama imefunguliwa kihalali. Mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako, afute kifaa kupitia Mipangilio, kisha kiwashwe upya na kiunganishwe na Wi-Fi hapo hapo. Usikubali kuruka hatua ya Wi-Fi, maana kufuli la mmiliki wa zamani, au la shule na kampuni iliyokuwa ikikisimamia, huweza kujitokeza baada ya kuingia intaneti. Apple Watch nayo lazima itenganishwe na iPhone au akaunti ya mmiliki wa kwanza. Ikiletwa kwetu ikiwa imefungwa kwa akaunti ya mtu asiyejulikana, hatuna dawa yake.

Mafundi simu na vishikwambi,
Kariakoo, Dar es Salaam